Mwenye Arusi ni Nani? Khabari ya Wapiga Ngoma na Waandalizi

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake.

Ama baad. Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani yetu, posa ikisha kupokewa na mahari yakisha kukubaliwa, hufuata mashauri marefu juu ya jambo ambalo wazee wetu hawakulijua kwa jina lake. Watu wa nyumba husema: Fedha tulizo nazo hazitoshi kuwalipa watu wawili. Je, tumkodi dijei, au tumkodi mratibu wa sherehe? Mmoja huleta mashine, maspika na nyimbo. Wa pili huleta daftari. Huchagua ukumbi, hupanga viti, huagiza mapambo na chakula, na husimama mlangoni na saa mkononi. Vijana aghalabu humtaka wa kwanza, mama wa bibi arusi humtaka wa pili, na baba hukaa kimya akihisabu.

Usidhani kuwa mas-ala haya ni ya mchezo. Ndoa ngapi zimecheleweshwa mwaka mzima, au miaka miwili, kwa ajili ya gharama hizi! Kijana na binti wamekwisha kuridhiana, wazee wameafikiana, walii yupo na mashahidi wapo, lakini akdi haifungwi kwa sababu ukumbi haujalipiwa. Watu hawa wawili huachwa katika hali ambayo Sharia yetu inataka waondolewe upesi. Kwa hivyo nimeona tuitazame khabari hii tangu mwanzo wake, tuone waliotutangulia walifanyaje, na wapi walipatia na wapi waliteleza, kisha ndipo tuamue.

ARUSI ZA MADINA

Tuanze pale inapopasa kuanza. Sahaba Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina hakuwa na kitu. Mtume (s.a.w.) alimfungia udugu na Saad bin Rabii, mtu wa Madina, naye Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea dua ya baraka, akakataa, akaomba aoneshwe njia ya sokoni tu. Akauza na kununua, samli na jibini kavu, mpaka akapata chake. Siku moja Mtume (s.a.w.) akamwona ana alama ya manukato ya rangi ya manjano, akamwuliza khabari yake. Akajibu kuwa ameoa mwanamke wa Kiansari, na mahari yake ni dhahabu ya uzito wa kokwa ya tende. Mtume akamwombea baraka, akamwamrisha afanye karamu ya walima, japo kwa kuchinja kondoo mmoja.

Zingatia sana kisa hiki, ewe msomaji. Madina ulikuwa mji mdogo, na Abdurrahman alikuwa katika Sahaba wakubwa. Akaoa, na Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuwa na khabari mpaka alipoiona rangi ya manukato! Wala Mtume hakukasirika kwa kutoalikwa. Alilomkumbusha ni walima, na akamwekea mpaka ulio mwepesi. Tena tazama kwamba mtu huyu hakungoja michango ya watu, aliingia sokoni.

Katika mwaka wa 7 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alipokuwa akirejea kutoka Khaybar, alimwoa Bibi Safiyya (r.a.). Walikuwa safarini. Palitandikwa matandiko ya ngozi, na watu wakaambiwa kila mwenye kitu akilete. Huyu akaleta tende, huyu samli, huyu jibini kavu, vikachanganywa vikaliwa. Hapakuwa na mkate wala nyama, na hiyo ndiyo iliyokuwa walima ya Mtume. Kwa hivyo kuchangiana katika arusi si jambo la kigeni katika dini yetu. Lakini kila mmoja alitoa alichokuwa nacho wakati ule, na hapana aliyeandikiwa kiwango chake katika kadi.

Je, furaha na nyimbo? Bibi Rubayyi binti Muawwidh (r.a.) amesimulia kwamba asubuhi ya arusi yake Mtume (s.a.w.) aliingia nyumbani kwao akakaa, na wasichana wadogo walikuwa wakipiga dufu na kuwataja wazee wao waliouawa siku ya Badri. Mmoja wao akaimba kuwa yuko kati yao Nabii ajuaye yatakayokuwa kesho. Mtume akamwambia aliache neno hilo, na arudie yale aliyokuwa akiyasema kabla yake. Hakulinyang'anya dufu wala hakuwafukuza wasichana. Alilisahihisha neno, akaiacha furaha iendelee. Na mara nyengine, Bibi Aisha (r.a.) alipompeleka bibi arusi kwa mume wa Kiansari, Mtume aliuliza kama hawakuwa na kitu cha kuchangamsha, kwani Maansari hupenda mambo hayo.

Na utaratibu? Katika walima ya Bibi Zaynab binti Jahsh (r.a.), walikula watu mkate na nyama mpaka wakashiba, kisha baadhi yao wakabaki wakizungumza, wala hawakuondoka. Mtume (s.a.w.) alitoka akarudi, akawakuta wangali wamekaa, akaona haya kuwaambia. Ikateremka aya katika Suratul Ahzab inayowafundisha Waislamu waingie wanapoalikwa, na wakisha kula watawanyike, wasikae kwa mazungumzo. Ndugu yangu, wewe unamlipa mratibu ili awaambie wageni saa imekwisha. Adabu hiyo imo katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu, na lau tungeifuata tusingehitaji mtu wa kusimama mlangoni.

Basi tunaona kwamba tangu zama zile arusi ilikuwa na vitu viwili: furaha, yenye kuitangaza ndoa, na utaratibu, wenye kuwahifadhi wageni na wenyeji. Vyote viwili vimekubaliwa. Na vyote viwili vilifanywa na watu wa nyumba na majirani, kwa kiasi cha uwezo wao.

ARUSI YA BURAN

Lakini Waislamu hawakubaki daima katika kiasi hicho. Katika vitabu vya tarikh imetajwa arusi ya Khalifa Al-Maamun wa Bani Abbas na Buran, binti wa waziri wake Hasan bin Sahl, mwaka wa 210 wa Hijra, yaani mwaka 825 wa Miladi, mahali paitwapo Famu Silh, huko Iraki karibu na mji wa Wasit. Wamesimulia wanahistoria kuwa palirushwa vidonge vya miski juu ya wakubwa waliohudhuria, na ndani ya kila kidonge mna karatasi yenye jina la shamba, au mtumwa, au mnyama wa kupanda. Aliyekidaka alikwenda kwa mweka hazina kupokea kilichoandikwa. Bwana na bibi arusi wakamwagiwa lulu elfu moja. Usiku ule ikawashwa shamaa kubwa ya ambari. Na Tabari ameeleza kuwa Khalifa mwenyewe aliikataa shamaa ile, akasema kuwa huo ni ufujaji.

Tazama ajabu hii! Bwana arusi ni Khalifa, mwenye amri kutoka Khurasani mpaka Misri, naye anaona israfu katika arusi yake mwenyewe, wala hawezi kuizuia kwa sababu imekwisha washwa. Hii ni dalili ya arusi iliyomtoka mwenyewe mikononi. Waandalizi wamepanga, fedha zimetoka, na mwenye arusi amegeuka mtazamaji. Kama Khalifa lilimpata hilo, litamkosa mvuvi wa Shela au karani wa Mombasa?

PWANI YETU: KAZI ILIKUWA YA NANI?

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1903 kilipigwa chapa huko Ujerumani kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten. Sehemu kubwa ya khabari zake ziliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo. Ukiisoma milango ya ndoa utakuta kwamba, mbali na mahari, palikuwa na ada zenye majina: kilemba cha baba, mkaja wa mama, ubeleko, na nyenginezo. Mkaja ni nguo aliyojifunga mama baada ya kuzaa. Ubeleko ni nguo aliyombebea mtoto mgongoni. Yaani kila ada ilikuwa na jina la mtu na la kazi aliyoifanya. Sisemi kuwa ada zote zile zilikuwa nzuri, kwani nyengine ziliwaelemea watu. Nasema kuwa fedha ya arusi ilikuwa ikienda kwa watu waliomlea bibi arusi, na kila mtu alijua analipwa kwa nini.

Na utaratibu wote ulikuwa mikononi mwa mwanamke mmoja, ambaye Lamu na Mombasa tunamwita somo, na Unguja na Mrima wanamwita kungwi. Huyu ndiye aliyemfunda mwari. Ndiye aliyesimamia kusingwa na kutiwa hina, akajua nani aalikwe kwa mdomo na nani apelekewe mtu maalumu, na nani amekasirika tangu arusi iliyopita akabembelezwe kabla ya siku kufika. Alikaa karibu na maharusi siku saba za fungate. Na lililo kubwa zaidi, kazi yake haikwisha fungate ilipokwisha. Mke na mume wakigombana mwaka wa tatu, somo ndiye aliyeitwa. Alikuwa anajua siri, na alikuwa na haki ya kusema.

Chakula kilikuwa kazi ya mtaa. Masufuria makubwa yaliazimwa, majamvi yaliazimwa, wanawake walikaa pamoja wakichagua mchele na kumenya vitunguu, na wanaume wakachinja na kupakua. Mwenye arusi leo alikuwa mpishi wa arusi ya mwenzake kesho. Lilikuwa ni deni, lakini deni la mikono, ambalo maskini aliweza kulilipa sawasawa na tajiri.

Na furaha nayo ilitoka humo humo. Wanawake waliimba vugo, wakigonga pembe kwa vijiti na kuzunguka mitaani kutangaza arusi. Wanaume wa Lamu walicheza kirumbizi kwa fimbo. Twari zilipigwa kwa kasida. Wapigaji walikuwa wapwa, na shangazi, na jirani. Walipochoka walinyamaza. Mwadhini alipoadhini walimsikia, kwa sababu ngoma ya mkono haina nguvu ya kuifunika adhana.

MASHINDANO YALIPOINGIA

Hapo palipo na uzuri, shetani naye hutafuta pa kuingilia. Katika miaka ya 1890 ilianza katika pwani ya Kenya ngoma ya beni, iliyoiga bendi za askari wa Kizungu, kwa magwaride na vyeo vya maofisa. Watu waligawanyika pande mbili mbili zikishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo. Baada ya Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918, beni ilikuwa imeenea hata bara ya Tanganyika, kwa majina ya Marini na Arinoti. Wanawake wa Mombasa nao walikuwa na vyama vya lelemama, na Ibinaal Watan na Banu Saada vilikuwa mashuhuri katika hivyo.

Tuwafanyie watu hawa insafu. Vyama vile vilisaidiana katika arusi na katika matanga, na mwanamke asiyekuwa na jamaa alipata jamaa humo. Lakini mashindano yalikula mali. Upande huu ukitoa karamu, upande wa pili haulali mpaka utoe kubwa zaidi. Na mshindani hatazami kilichomo mfukoni mwake. Hutazama kilichomo mkononi mwa mwenzake.

Hayo ndiyo yaliyomfanya Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (r.a.) ashike kalamu. Yeye alizaliwa mwaka 1891, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki 1947. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo la Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la al-Islah, na makala zake zikakusanywa katika kitabu cha Uwongozi kilichotoka 1944. Humo aliwaonya Waislamu wa pwani na israfu, na kuiga yasiyo na faida, na kuacha elimu. Ukiyasoma maonyo yale leo utadhani yameandikwa juzi. Nyumba na mashamba ya Waislamu yalikuwa yakiwatoka mikononi, na huku ngoma zinavuma. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka.

SAUTI BILA YA MTU

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay na wenziwe, wakarekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Santuri zile zikarudi pwani, na nyumba ikaweza kuwa na uimbaji huo bila ya mwimbaji kuwapo. Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko watu walivyolidhania. Kabla yake, anayetaka furaha alikuwa hana budi kuwakusanya watu. Baada yake, alihitaji mashine.

Mwaka 1963 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitoa kaseti. Sisi tuliokuwa watoto na vijana wa miaka ya 1970 tunakumbuka jinsi taarabu za arusi za Mombasa zilivyorekodiwa, na kaseti za kina Juma Bhalo na Zein l'Abdin zikauzwa katika maduka kama Mbwana Radio Service. Arusi ya mtaa mmoja ikasikilizwa Lamu, Tanga na Maskati. Wakati huo huo duniani kukawa na kazi mpya ya yule mchezesha santuri. Jina lake la dijei lilitoka katika redio za Marekani. Jamaika walikuwa na maspika yao makubwa ya mitaani tangu zamani. Na mwaka 1972 Wajapani wakatoa mashine ya Technics SL-1200 ambayo madijei wa ulimwengu waliipenda. Leo santuri hazihitajiki. Kompyuta moja inachukua nyimbo za miaka mia.

Sasa fahamu tofauti yake na vugo. Mashine haichoki. Mashine haimjui jirani aliyefiwa wiki iliyopita. Mashine haina haya. Na nyimbo zinazopigwa hazikutungwa kwa ajili ya bibi arusi huyu. Zimetungwa mbali, na pengine kwa ajili ya ugomvi wa watu wengine. Katika miaka ya 1990 huko Dar es Salaam, vikundi vya TOT na Muungano vilishindana kwa nyimbo za mipasho, na mipasho hiyo ikaingia katika arusi zetu. Mwanamke husimama akatunza fedha pale neno linapomchoma jirani yake. Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa, wakikusudia kuwa watu humtukuza wa kwao. Leo mtu anatunza ili kumtweza wa kwao! Rudia kisa cha Bibi Rubayyi, utaona Mtume (s.a.w.) alisahihisha nini: alisahihisha neno. Basi maneno ya nyimbo ndiyo ya kwanza kutazamwa, kabla ya ukubwa wa spika.

Ama vyombo vyenyewe vya muziki, wanavyuoni wana khilafu inayojulikana, wala si makusudio yetu hapa. Dufu katika arusi lina hadithi zilizo sahihi, na kila mwenye shaka na asimame hapo penye amani.

MRATIBU AMETOKA WAPI?

Na huyu mratibu? Kazi yake kama tuijuavyo ilikuzwa na biashara za Magharibi. Mwaka 1840 Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na nguo nyeupe, na magazeti yakaieneza picha yake, hata nguo ile ikawa kama sharti katika nchi zisizokuwa zake. Marekani, maduka makubwa yaliweka washauri wa maharusi ili wauze nguo na vyombo, na mwaka 1934 likaanza jarida la Bride's la kuwafundisha wasichana namna ya kuolewa na vitu vya kununua. Tangu hapo mshauri na muuzaji wamekaa duka moja.

Kwetu sisi mratibu amekuja kwa haja ya kweli, wala tusimdharau. Jamaa wametawanyika. Shangazi yuko Maskati, mjomba yuko London, binamu yuko Toronto, na dada aliyebaki Mombasa anafanya kazi ofisini mpaka saa kumi na moja. Nyumba zimekuwa za ghorofa, hazina uwanja wa kupikia. Nani atamenya vitunguu? Na katika miji ya Tanzania zimekuwapo kamati za arusi na kadi za mchango, na fedha za watu wengi zinahitaji hisabu. Mtu mwaminifu mwenye daftari ni neema katika hali hiyo.

Lakini mratibu si somo. Somo alikuja kwa udugu, mratibu amekuja kwa mkataba. Kazi ya mratibu huisha taa za ukumbi zinapozimwa, na ya somo ndipo ilipokuwa ikianza. Tukimpa mratibu kazi ya kupanga viti, hapana ubaya. Tukimwachia pia kazi ya kuamua nani aalikwe, na maskini gani asikae mbele, na bibi arusi aoneshwe kwa nani, tumempa amana isiyokuwa yake. Mtume (s.a.w.) amekihesabu chakula cha walima wanachoalikwa matajiri na kuachwa mafakiri kuwa ni chakula kibaya kuliko vyote. Kadi ya mwaliko inayotolewa kwa aliyechanga peke yake, na mlinzi mlangoni wa kumrudisha asiyechanga: ipime wewe mwenyewe kwa hadithi hiyo.

BASI TUMCHAGUE NANI?

Umekwisha kuiona khabari yote, na sasa nitakupa rai yangu, uipime kwa akili yako.

Kwanza, kabla ya kuchagua yeyote, andika karatasi ya matumizi kwa tartibu ya Sharia. Juu weka mahari, kwani ni haki ya mwanamke, na si haki ya babake wala ya ukumbi. Chini yake weka walima kwa kiasi chako. Kisha weka matumizi ya nyumba ya maharusi ya miezi mitatu ya mwanzo: kodi, chakula, umeme. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha dijei na mratibu. Kama hakikubaki kitu, jibu umekwisha kulipata, na arusi yako si pungufu kuliko ya Bibi Safiyya.

Pili, kama nyumba yako ina watu, yaani shangazi wenye afya, jirani wenye mapenzi, na vijana wa kubeba viti, usimkodi hata mmoja. Gawanya kazi. Mtu asiyepewa kazi katika arusi ya nduguye huja kama mgeni, na mgeni hukosoa. Aliyemenya vitunguu huitetea pilau.

Tatu, kama watu wako wametawanyika na huna budi kuchagua mmoja, mchague mratibu, umwache dijei. Sababu yake ni hii: wasichana watano wenye twari, na bibi mmoja akumbukaye nyimbo, watakutosheleza kwa furaha. Lakini mtu aliye Maskati hawezi kuhisabu sahani zilizo Mombasa. Furaha bado tunaweza kuifanya wenyewe. Utaratibu wa watu mia tatu katika ukumbi wa kukodi, si kila nyumba inauweza. Kodisha usichokiweza, na unachokiweza usikiuze.

Na ukimchukua mratibu, mwekee masharti kwa maandishi. Muulize analipwa kwa kazi yake, au kwa sehemu ya kila kinachonunuliwa. Kwani akilipwa kwa sehemu, kila unapotumia zaidi ndipo naye apatapo zaidi. Mpe kiwango cha fedha, na asikivuke bila ya idhini yako. Mwambie wakati wa sala usiingiliwe, wanawake wawe na faragha yao ya kweli, simu zenye kamera zisiingie kwao, na chakula kitakachobaki kina watu wake mtaani. Juu yake mweke mwanamke mmoja mzee wa nyumba, awe ndiye somo, na neno lake liwe la mwisho.

Na ambaye amekwisha kumkodi dijei, au jamaa zake wamemshinda, naye aweke masharti. Upande wa wanawake awe mwanamke, na leo wako wanaoifanya kazi hii. Nyimbo zitajwe kabla, na zenye matusi na mafumbo ya kuwachoma watu zitolewe. Adhana ikisikika mashine izimwe kabisa, isipunguzwe tu. Na saa ya kumaliza ijulikane. Kenya ilitoa kanuni mwaka 2009 za kuzuia makelele ya kupita kiasi, lakini Muislamu hangoji kanuni hiyo. Haki ya jirani ilitufikia kabla yake kwa zaidi ya miaka elfu na mia tatu. Pengine nyuma ya ukuta yuko mgonjwa, au mtoto wa mtihani, au mzee anayetaka kuamka alfajiri.

Ndugu msomaji, mwenye arusi ni wale wawili, na wazee wao, na mtaa unaoshuhudia. Dijei na mratibu ni wafanya kazi waliokodiwa, nao wastahiki ujira wao kwa wakati, na shukrani. Msiba wetu si dufu wala si daftari. Msiba ni pale mwenye arusi anapokuwa mgeni katika arusi yake, akatumia asichonacho ili awashinde wasiomjali, kisha akaanza ndoa na deni. Mume aliyeingia nyumbani na deni la ukumbi huwa mkali kwa jambo dogo, na mke akadhani tabia yake ndiyo hiyo.

Basi wewe mzazi, fungisha ndoa ya mwanao mapema na kwa wepesi. Na wewe kijana, usione haya kusema huna. Abdurrahman bin Auf alioa kwa dhahabu ya kokwa moja ya tende, kisha Mwenyezi Mungu akamjaalia kuwa katika matajiri wa Sahaba.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa za vijana wetu, na awakutanishe katika kheri. Wabillahi tawfiq.